Kushusha kolesteroli kunaleta sonona? Tujadili

Mleta mada: Wakuu, kuna ujumbe unazunguka WhatsApp kwamba ukimeza dawa za kushusha kolesteroli (aina ya mafuta mwilini) utaishia kwenye sonona, maana ubongo wenyewe ni mafuta. Watu wanaacha dawa. Mimi nasema ni hatari. Mwenye hoja aje.

Mbishi: Si uzushi mtupu, mkuu. Mwaka 1990 jarida la kitabibu la BMJ lilijumlisha majaribio kadhaa: waliopunguziwa kolesteroli walikufa kidogo kwa moyo, lakini vifo vya ajali, ugomvi na kujiua vikazidi. Mwaka 1992 jarida jingine, Lancet, likatoa nadharia kwamba mafuta yakishuka, serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia, nayo hulegea. Hao si waganga wa mitandaoni.

Mleta mada: Mbona umeishia 1992? Mwaka 1994 likaja jaribio la Skandinavia, wagonjwa wa moyo 4,444, nusu wakipewa simvastatini, moja ya dawa za kushusha kolesteroli ziitwazo statini. Vifo kwa ujumla vikapungua kwa asilimia 30, na vya kujiua au ugomvi havikuongezeka. Ubongo kweli umebeba zaidi ya humusi (moja ya tano) ya kolesteroli ya mwili, ila unajitengenezea wenyewe. Ya kwenye damu haipenyi kuingia humo. Halafu mwenye sonona hali chakula, anakonda, mafuta yanashuka. Sasa kipi kilitangulia?

Nesi wa zamu: Nyie mnabishania wanaoshuka mafuta. Mimi niko wodi ya afya ya akili, ninaowaona ni wanaopanda. Mtu anaanzishiwa olanzapini, dawa ya ugonjwa wa akili, akiwa mwembamba. Sauti zinakoma, anatulia, ila anapata njaa isiyoisha. Miezi michache suruali haifungi, sukari na mafuta juu. Wenye magonjwa makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na moyo ni kati ya sababu kubwa. Inatakiwa apimwe mafuta kabla ya dawa, kisha tena baada ya miezi mitatu hivi. Nani analipia?

Mbishi: Hapo sina ubishi, dada. Lakini mleta mada, mtu akianza statini, wiki chache tu mke wake anasema huyu siye niliyemzoea, mtamsikiliza au mtamsomea hao 4,444?

Mleta mada: Asikilizwe! Arudi kwa daktari, abadilishiwe dawa au apunguziwe dozi. Nisichotaka ni aache kimyakimya kwa sababu ya ujumbe wa kutumiwa. Dada nesi, huko kwenu wanapimwa kweli?

Nesi wa zamu: Wenye bima. Wengine tunawapima uzito na kiuno, basi.