Mada: Risasi gani zinafaa kwa AR-15 ya kulinda mbuzi? (Texas)

Kutoka: Mfugaji, nje ya Fort Worth

Shikamooni wakubwa, na kwa wenzangu habari za siku.

Wengi mnajua kwamba mimi na mama watoto tumehamia shamba na tumeanza na mbuzi aina ya Boer. Shida yetu ni koyoti, mnyama mla nyama wa huku anayefanana na mbweha. Wanakuja usiku, wameshabeba vitoto, na mbwa tuliyenaye hatoshi. Jirani alinishauri nichukue AR-15. Nilijaza fomu dukani, ukaguzi ukapita, bunduki ninayo.

Sasa nimekwama kwenye risasi. Rafu zimejaa: .223, 5.56, greni 55, greni 62, greni 77, ganda la shaba, ganda la chuma, ncha ya kijani, na bei zinapishana sana. Muuzaji alikuwa na foleni, sikupata maelezo ya maana. Naomba mwenye uzoefu anieleweshe kabla sijatoa hela. Tena kuna shemeji yangu anayesoma chuo Denton, angependa siku moja twende naye uwanja wa shabaha.

Natanguliza shukrani.

Kutoka: Mzee wa San Antonio

Marahaba kijana wangu, na pole kwa vitoto vya mbuzi. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kununua. Wengi wa rika langu tulishika bunduki mara ya kwanza JKT. Kule ilikuwa SMG, na risasi ulipewa, hukuchagua. Huku hakuna afande wa kukukabidhi iliyo sahihi. Duka litakuuzia chochote unachoweza kulipia, na ukikosea, mwenye uso karibu na bunduki ni wewe.

Kwa hiyo kabla hujasoma boksi, soma mtutu. Hakikisha bunduki haina kitu: toa magazini, vuta mkono wa kukokia, angalia chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) kwa macho na kwa kidole. Kisha tafuta maandishi yaliyogongwa kwenye chuma cha mtutu, mara nyingi karibu na mdomo wake au chini karibu na kishikio cha mbele. Usiamini maandishi ya mwili wa bunduki peke yake, kwa kuwa mtutu wa AR-15 hubadilishwa kirahisi na mwili ukabaki uleule.

Ukikuta "5.56 NATO", unaweza kutumia risasi za 5.56 na za .223 Remington bila hofu. Ukikuta ".223 Rem" peke yake, nunua .223 tu. Kwa macho zinafanana kabisa na zote zitaingia, ndiyo maana watu wanabishana. Tofauti ipo ndani ya chemba. Chemba ya 5.56 ina nafasi ndefu zaidi mbele ya kichwa cha risasi kabla hakijakutana na mifuo ya mtutu, ile mistari ya ndani inayoizungusha risasi. Risasi ya 5.56 iliyotengenezwa kwa nafasi hiyo ndefu, ukiiweka kwenye chemba fupi ya .223, mgandamizo unaweza kupanda kupita kiwango. SAAMI, chombo cha viwango cha watengenezaji wa silaha na risasi hapa Marekani, kimeuweka mchanganyiko huo kwenye orodha ya mambo yasiyo salama. Kuna na aina ya tatu, ".223 Wylde", ambayo chemba yake ilichongwa ikubali zote mbili.

Halafu kuna jambo ambalo nataka ulishike kuliko yote niliyoandika hapa. Ipo risasi inaitwa .300 Blackout, ilipitishwa na SAAMI mwaka 2011. Ganda lake limetokana na la 5.56, inakaa kwenye magazini ileile na inatumia bolti ileile. Lakini kichwa chake ni cha milimita 7.62. Baadhi yake hujipenyeza kwenye chemba ya 5.56 na bunduki ikafunga kama kawaida. Ukifyatua, kichwa kinene kinalazimishwa kwenye tundu jembamba, na bunduki inapasuka mikononi mwako. Ukienda kupiga shabaha na mtu mwenye .300, magazini zenu zisikae meza moja. Mimi kwangu magazini za kila aina zina utepe wa rangi yake, na sichanganyi risasi kwenye mfuko hata kwa dakika moja.

Ukishajua mtutu unataka nini, jiulize kazi. Una kazi mbili, na kila moja ina risasi yake.

Ya kwanza ni mazoezi. Hapo nunua FMJ, yaani kichwa cha risasi kilichovikwa shaba nyekundu mwili mzima, greni 55, ganda la shaba. Greni ni kipimo cha uzito wa kichwa. 55 ni kama gramu 3.6. Ni ya bei nafuu na inapatikana kila mahali.

Ya pili ni koyoti, na hapo FMJ haifai. Aina hiyo ni ya kijeshi, na majeshi mengi yaliachana na vichwa vinavyotanuka tangu Azimio la The Hague la 1899. Kwa mnyama mdogo inatoboa na kupita, anakimbia akafie kichakani kwa mateso, na risasi inaendelea na safari. Chukua yenye ncha laini (boksi litaandika SP) au yenye ncha ya plastiki iliyotengenezwa kwa wanyama waharibifu, greni 50 hadi 55. Hizi hutanuka au kuvunjika ndani ya mnyama, anaanguka hapohapo. Hata ukikosa, ikigonga ardhi ina uwezekano mkubwa wa kusambaratika kuliko kuruka kwenda kwa jirani. Kwa mtu mwenye mbuzi, ng'ombe za watu na nyumba pande zote, mimi naona hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuichagua.

Greni 77 iache. Risasi nzito ni ndefu, na ndefu inahitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi ili itulie hewani. Kwenye mtutu wako utaona 1:7, 1:8 au 1:9, maana yake inazunguka mara moja kila inchi hizo. Greni 55 inaenda vizuri na 1:9. Greni 75 na 77 zinataka 1:8 au 1:7, la sivyo zinaanza kuyumba na kupiga karatasi kwa ubavu. Ni risasi nzuri kwa masafa marefu, lakini wewe unalinda zizi.

Ncha ya kijani ni M855, greni 62, ina chuma ndani ya ncha. Viwanja vingi vinaikataa kwa kuwa inaharibu shabaha za chuma na cheche zake huwasha nyasi kavu. Wanaipima kwa sumaku mlangoni. Kwa koyoti haina faida yoyote.

Ganda la chuma lilikuwa kimbilio la wenye bajeti ndogo. Mengi yalitoka Urusi, na tangu Septemba 2021 Marekani ilisimamisha vibali vipya vya kuyaingiza. Yaliyobaki madukani hayalipuki mikononi, ila chuma hakitanuki kuziba chemba kama shaba, masizi yanarudi nyuma, na baada ya muda ganda linaanza kung'ang'ania ndani. Bunduki inayokwama usiku mbwa wakibweka haina msaada kwako. Nunua shaba.

Na zile za mifuko ya plastiki wanazouza watu kwenye maonyesho, walizojaza baruti wenyewe nyumbani, usiziguse. Anayejaza anajua alichoweka. Wewe hujui.

Kabla hujanunua nyingi, chukua boksi moja moja la aina mbili au tatu za ncha laini, uzipige kutoka mezani kwa umbali ule utakaofyatulia shambani. Kila mtutu una chaguo lake. Ile inayokusanya matundu karibu karibu na isiyokwama hata mara moja, ndiyo yako. Kisha rekebisha darubini kwa risasi hiyohiyo, kwa kuwa ukibadilisha uzito na mahali inapogonga panabadilika.

Masikio uyazibe na macho uyakinge kwa miwani kila mara. Ukivuta ukasikia mlio hafifu, kama kizibo, SIMAMA. Usikoki tena. Huenda kichwa kimekwama katikati ya mtutu, na risasi inayofuata itapasua bunduki. Toa kila kitu, hakikisha mwanga unaonekana kutoka upande hadi upande. Ukivuta kisisikike kitu kabisa, elekeza mtutu mahali salama, hesabu nusu dakika ndipo utoe.

Karibu kwetu, na leta mbuzi mmoja.

Kutoka: Dada wa Minneapolis

Ahsante sana Mzee kwa somo. Naomba niingilie suala la shemeji, kwa kuwa nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili wa uhamiaji na jambo hili linaumiza watu wetu.

Kaka, usimpeleke bado. Sheria ya shirikisho, kifungu cha 922(g)(5), inakataza mwenye viza ya muda, ikiwemo F-1 ya mwanafunzi, H-1B ya kazi na B-2 ya matembezi, kuwa na bunduki AU risasi. Ukaazi wa kudumu hauguswi na hiyo, kwa hiyo mwenye green card yuko sawa. Wazazi wetu wanaokuja kutembea wanaguswa. Kushika kwenye uwanja wa shabaha ni kumiliki kwa macho ya sheria hiyo, hata kama bunduki ni ya kukodi. Na anayempa, akijua hali yake, ana kosa lake mwenyewe.

Kuna msamaha: akiwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo lolote la Marekani. Shemeji anaweza kuinunua kihalali. Ila iwe hai siku hiyo, awe nayo mfukoni, na awe hajapoteza hadhi yake ya uanafunzi, maana aliyepoteza hadhi hasaidiwi na leseni. Hapo Texas watu huambiwa kwamba nguruwe pori kwenye shamba binafsi hawahitaji leseni, na ni kweli tangu 2019 kama mwenye shamba ameridhia. Hiyo ni ruhusa ya jimbo. Haimpi mwenye viza msamaha wa shirikisho, yeye lazima awe na karatasi.

Msidhani hawafuatilii. Mwanafunzi mmoja kutoka Falme za Kiarabu, Rehaif, alifukuzwa chuo huko Florida kwa alama mbaya, hadhi yake ikaisha. Akaenda uwanja wa shabaha kupiga. Alihukumiwa miezi 18. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Juni 2019 majaji wakasema serikali lazima ithibitishe kwamba mtu alijua hadhi yake haimruhusu. Alishinda hoja, lakini kwa gharama gani ya maisha yake.

Na sisi wa green card tusijisahau. Kutiwa hatiani kwa kosa la silaha ni sababu ya kufukuzwa nchini, hata ukiwa umekaa miaka mingi.

Kutoka: Mama wa Houston

Nyongeza ndogo. Begi mnalobebea risasi lisiwe begi la safari. Risasi moja iliyojificha kwenye mshono wa begi la mkononi, TSA (wakaguzi wa viwanja vya ndege) wanaiona, na faini inakuja. Ndani ya Marekani risasi husafiri kwenye mzigo wa chini tu, ndani ya boksi lake, umetangaza, na mashirika mengi yana ukomo wa paundi 11. Kwenda nyumbani usibebe hata ganda tupu la kumbukumbu. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya ina Sura ya 114, na hakuna afisa wa Dar au Nairobi atakayekubali kwamba ulisahau.

Nyumbani tuna watoto, kwa hiyo bunduki kwenye kabati lake na risasi kwenye sanduku lingine la chuma lenye mpira wa kuzuia unyevu, kila moja na ufunguo wake. Unyevu wa huku Houston unaharibu fataki (kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi) na kutia kutu. Sheria ya Texas inamshika mtu mzima akiacha bunduki yenye risasi mahali anapoifikia mtoto wa chini ya miaka 17. Na mkitoka kupiga, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au mtoto. Ile ni risasi ya madini ya risasi kweli, ni sumu.

Kutoka: Mfugaji, nje ya Fort Worth

Mungu awabariki wote. Nimesoma mtutu: 5.56 NATO, 1:8. Shemeji nimemwambia asubiri leseni, amekubali.

Mzee, swali la mwisho. Shamba langu ni ekari 14, majirani wako upande wa mashariki. Kuna kingine?

Kutoka: Mzee wa San Antonio

1:8 ni nzuri, greni 55 ya ncha laini itakutosha.

Ekari 14 ni afadhali, kwa kuwa kaunti za Texas zinaweza kuzuia kufyatua kwenye viwanja vya ekari 10 kushuka chini vilivyo ndani ya maeneo yaliyopimwa nje ya miji. Hata hivyo piga simu kaunti yako uwaulize. Zaidi ya hapo, ni kosa Texas kwa makusudi kurusha risasi ikavuka mpaka wa shamba lako bila idhini ya jirani, na risasi ya 5.56 ikiachiwa hewani huweza kufika zaidi ya kilomita 2. Kwa hiyo upande wa mashariki usifyatue kabisa. Weka zizi mahali ambapo koyoti akija, nyuma yake kuna tuta la udongo au mteremko. Kama hakuna, kodi trekta ulisukume tuta, na uhakikishe taa yako ya usiku inamulika hadi nyuma ya mnyama, si mnyama peke yake.

Na uongeze mbwa wa pili.