Kiuno kinaniuma kwenye baiskeli ya resi: nishushe siti au nipandishe usukani?

kijana_wa_Amani

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Naomba msaada kwa wanaozijua baiskeli za resi. Ninayo ya mtumba, fremu ya chuma, imeandikwa saizi 56. Mie kimo changu ni sentimita 168. Jumapili asubuhi tunatoka Amani na wenzangu, tunapita Mwera na Tunguu mpaka Paje. Mwanzo wa safari raha tupu. Tukishaipita Tunguu kiuno kinaanza kukaza, na tukifika Kitogani inabidi nisimame juu ya pedeli au nishuke kabisa nijinyooshe. Mikono muda wote imenyooka, viwiko havikunji, na mabega yanachoka.

Nikishuka na kupumzika maumivu yanaondoka. Baiskeli ya kawaida ya kwendea sokoni hainiumizi hata kidogo. Mwenzangu mmoja ananambia ninunue siti laini ya jeli, mwengine anasema nipandishe usukani. Mchezo huu naupenda na sitaki kuuacha. Nianzie wapi?

FundiSpoku

Waalaykum salaam. Siti ya jeli iache kwanza. Hiyo inasaidia makalio, kiuno haikifanyii kitu.

Tatizo la kwanza ni fremu. Mtu wa kimo chako kwa kawaida hukaa kwenye 52 au 53. Mitumba yetu hatuchagui saizi, tunachukua iliyomo kwenye kontena, kwa hiyo wengi mjini hapa wanaendesha baiskeli zilizowazidi. Fremu huwezi kuikata, lakini siti inarekebishika, na shingo ya usukani, kile kipande kinachounganisha usukani na baiskeli, inabadilishika. Kabla sijasema zaidi nipe vipimo vitatu:

Simama ukutani bila viatu, shika kitabu kigumu katikati ya miguu ukivutie juu kama vile umekaa kwenye siti, kisha mtu apime kutoka ukingo wa juu wa kitabu mpaka sakafuni. Halafu pima kutoka katikati ya ekseli inayoshika mikono ya pedeli, pale fremu inapoishia chini, mpaka juu ya siti, ukifuata bomba la siti. Mwisho urefu wa shingo ya usukani.

Mpemba_wa_Konde

Kaka, mie nilikuwa na shida hiyo hiyo huku Pemba na dawa yake ilikuwa usukani tu. Shingo yangu ni ya aina mpya, inayobanwa ubavuni kwa skrubu mbili. Nikaigeuza juu chini, usukani ukapanda kama sentimita 2, maumivu yakaisha. Milima ya Chake kwenda Wete naipanda vizuri. Geuza shingo, mengine yasikusumbue.

kijana_wa_Amani

Shukrani nyote. Nimepima na mdogo wangu: mguu sentimita 78. Ekseli mpaka juu ya siti 72. Shingo ya usukani sentimita 12. Yangu haibanwi ubavuni, ina skrubu moja kwa juu, inaingia ndani ya bomba la mbele.

FundiSpoku

Basi jawabu tunalo. Zidisha 78 kwa 0.883 upate karibu 69. Hicho ndicho kimo cha siti cha kuanzia, na wewe uko 72. Umezidisha sentimita 3, na kwa siti ya baiskeli hizo ni nyingi mno. Kila pedeli inapofika chini mguu haufiki sawasawa, nyonga inaanguka kulia, halafu kushoto, kulia, kushoto, maelfu ya mara mpaka Kitogani. Misuli ya kiuno ndiyo inayojaribu kuizuia. Mwambie mwenzako akae nyuma yako akutazame: akiona mfuko wa nyuma wa suruali unapanda na kushuka, ujue siti iko juu.

Mpemba, ndugu yangu, dawa yako ilikuwa sahihi kwa baiskeli yako. Huyu akianza na usukani, nyonga itaendelea kuyumba vile vile. Siti kwanza. Na tazama faida yake: siti ikishuka sentimita 3, usukani umepanda sentimita 3 kwa kulinganisha na siti, bila kuugusa. Tena bomba la siti limelala kidogo kuelekea nyuma, kwa hiyo siti inaposhuka 3 inasogea mbele karibu sentimita 1. Umeshaupata na ukaribu wa usukani hapo hapo.

Hesabu hiyo usiichukulie kama sheria, maana viatu na urefu wa unyayo vinaibadilisha. Ihakikishe kwa kisigino: kaa kwenye siti, shikilia ukuta, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama. Ukirudisha kidole gumba cha mguu kwenye nafasi yake goti litakunja kidogo, na ndivyo inavyotakiwa.

Ushushe kidogo kidogo, nusu sentimita kila safari. Ukiishusha 3 kwa mara moja magoti yatalalamika. Na usibadilishe vitu viwili pamoja, utashindwa kujua kipi kilichokuponya.

Bi_Mazoezi

Assalaam alaykum. Mie ni mtaalamu wa tiba ya viungo, niongeze la kiafya.

Mdogo wangu, maumivu yanayokuja baada ya muda na kuondoka ukipumzika mara nyingi ni misuli kuchoka na mkao mbaya, kwa hiyo ushauri wa fundi ni mzuri. Lakini nijibu haya: maumivu yanateremka mguuni? Unapata ganzi, au mguu unaishiwa nguvu? Yanakuamsha usiku? Likiwepo lolote kati ya hayo nenda hospitali kabla ya kugusa spana. Ganzi ikiwa sehemu za siri au katikati ya mapaja, au ukishindwa kuzuia haja, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, usingoje asubuhi.

Jengine, pua ya siti. Wengi huielekeza juu wakidhani wataacha kuteleza. Ikielekea juu inairudisha nyonga nyuma, na mgongo unapinda kuufuata usukani. Ilaze sawa, au pua ishuke kidogo sana. Ikishuka kupita kiasi utateleza mbele na mikono ndiyo itakayobeba uzito.

Na gia. Siku za kusi, mnapokwenda upande wa Makunduchi upepo unawapiga usoni, mtu anang'ang'ania gia nzito kwa sababu ya fahari mbele ya wenzake. Kiuno kinaumia hapo. Chukua gia nyepesi, miguu izunguke haraka, mizunguko 80 hivi kwa dakika.

kijana_wa_Amani

Shukrani dada. Hayateremki, ganzi sina, usiku nalala vizuri. Pua ya siti kweli ilikuwa juu, nimeilaza kwa kutumia pima maji ya fundi uashi. Nimeshusha siti nusu sentimita, ila bomba lake limegoma kuendelea. Limeganda.

FundiSpoku

Chumvi ya bahari hiyo. Bomba la alumini ndani ya fremu ya chuma, kwa hewa ya hapa, linashikana. Fungua nati kabisa, mimina mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka shingo ya bomba, liache lilale usiku mzima. Kesho yake shika siti uizungushe kulia na kushoto. Usiligonge kwa nyundo kutoka juu. Likitoka lisugue kwa msasa laini, paka grisi, rudisha. Hiyo grisi iwe kawaida yako kila miezi michache.

kijana_wa_Amani

Limetoka alhamdulillah, na lilikuwa na unga mweupe kama chumvi ya kulia chakula. Nimeteremsha kidogo kidogo mpaka 69.5. Juzi tumekwenda Paje: kiuno kimeuma kidogo tu, baada ya Jozani, wala sikushuka. Lakini mikono bado imenyooka na mabega yanauma. Sasa ndiyo zamu ya usukani?

FundiSpoku

Sasa ndiyo. Shingo ya 12 ni ndefu kwako, tafuta ya 9. Usiende chini ya 7, baiskeli itakuwa na wasiwasi kwenye kona. Na usisogeze siti mbele ili kuufikia usukani, utahamisha maumivu kwenye magoti.

Kwa kuwa yako ni ya skrubu moja: ilegeze mizunguko michache, weka kipande cha ubao juu ya kichwa chake, gonga mara moja ili kabari ya ndani iachie. Ukiipandisha, angalia mstari uliochorwa kwenye bomba lake, usiuruhusu uonekane nje. Ukionekana, chuma kilichobaki ndani hakitoshi, na usukani unaweza kukutoka mkononi mteremkoni.

Kabla hujanunua pima kwa kalipa unene wa usukani pale katikati. Zipo za milimita 25.4 na za 26.0, kwa macho huwezi kuzitofautisha, na zikichanganywa usukani unazunguka ukifunga breki ghafla. Ukikosa kalipa niletee baiskeli, nitakupimia.