Zuhura aandikwe

Kikundi: UKOO WA BI MWANAIDI
Ijumaa, saa 2 usiku

Rehema: Asalaam aleikum nyote. Mama shikamoo, Mjomba shikamoo, Shangazi shikamoo. Nina jambo la Kanada, nahitaji ushauri wenu kabla ya kesho asubuhi.

Mjomba Athumani: Waaleikum salaam, marahaba. Sema mpwa wangu.

Shangazi Saumu: Marahaba mama. Tunasikiliza.

Rehema: Wakala amemaliza kujaza lile ombi langu la makazi ya kudumu, mpango wa Express Entry, ule ambao Kanada huchagua wenye ujuzi kwa pointi. Kesho saa 3 analituma. Leo ndiyo nimepata kuona alivyojaza. Familia kaandika watu 3: mimi, mume wangu Salim na mtoto wetu Idris. Binti yangu Zuhura hayumo.

Hamisi (Edmonton): Hayumo vipi?

Rehema: Anasema kwa kuwa anakaa Malindi na Mama, na kwa kuwa si mtoto wa Salim, tusimhesabu. Tukiwa watu 4, pesa ya kuonyesha kwamba tunayo benki, kwa kiwango cha 2025, ni dola 28,362 za Kanada. Tukiwa 3 ni 23,360. Sisi tunazo 23,900. Anasema nikishafika nitamwita.

Mwanajuma: Na si kweli? Mtoto wako wa kumzaa, ukishapata karatasi nani atakuzuia kumwita?

Hamisi: Hapo ndipo watu wanapoumia. Dada, usikubali litumwe. Niko kazini, ila huku ni saa 4 asubuhi, nimetoka mapumziko. Ngoja niandike.

Hamisi: Kanada inataka kila mtoto wako aliye chini ya miaka 22 na hana mume wala mke aandikwe, awe anasafiri au hasafiri. Awe anakaa kwa nyanya yake, awe anakaa kwa baba yake, anaandikwa. Na hata asiyesafiri anapimwa afya kama ninyi mnaosafiri. Usipomtaja na asipopimwa, siku ukija kumdhamini watakwambia huyu kwa sheria si mtu wa familia yako. Si suala la kucheleweshwa. Mlango unafungwa.

Hamisi: Na wakigundua kabla hujaondoka, hiyo ni kusema uongo kwenye ombi. Adhabu yake ni kukataliwa na kufungiwa miaka 5.

Shangazi Saumu: Subhanallah.

Hamisi: Nafanya kazi na mama mmoja aliyemwacha kijana wake nje ya fomu kwa ushauri kama huo. Mwaka wa 6 sasa anahangaika na mawakili. Mchana akila chakula chake huiegemeza simu kwenye chupa ya maji, anaongea na mtoto wake. Sitaki kukuona hivyo, Rehema.

Rehema: Mimi nilimwambia moyo wangu haukubali. Akasema nina hisia nyingi, kazi nimwachie yeye.

Mjomba Athumani: Umemlipa kiasi gani mpaka sasa?

Rehema: Elfu 80, Mjomba.

Hamisi: Kufungua wasifu, yaani hilo ombi la kwanza, kwenye tovuti ya serikali ni bure. Na anayelipwa kwa kazi hii lazima awe wakili au mshauri mwenye leseni ya Kanada. Daftari lao liko wazi mtandaoni, jina lake unalitafuta usiku huu huu. Kisha niambie: akaunti imefunguliwa kwa barua pepe yako au yake?

Rehema: Yake. Hata nywila sina.

Hamisi: Basi hata mwaliko wa Kanada wa kuendelea na ombi ungekuja, angeujua yeye kwanza. Mwambie asitume. Tutafungua yako, kwa barua pepe yako, mimi na wewe kwenye simu.

Salim: Asalaam aleikum. Mama shikamoo, na wakubwa wote shikamoo. Nimesoma yote. Wakala aliponieleza habari ya Zuhura nilinyamaza, nikadhani ndiyo sheria yenyewe. Nilikosea kunyamaza. Yule ni mwanangu, nimemlea tangu ana miaka 4. Tusiende kama jina lake halimo.

Shangazi Saumu: Mungu akuweke baba.

Mama: nyanya anauliza hizo pesa zilizopungua ni shilingi ngapi

Rehema: Zuhura? Ni wewe unaandika?

Mama: ndio mama. miwani ya nyanya imevunjika tangu jumatano. mimi ndiye namsomea

Rehema: Nawapigia sasa hivi.

Shangazi Saumu: Ya Rabbi. Mtoto amesoma yote.

Mwanajuma: Na mimi nilivyouliza vile. Nisameheni.

Mjomba Athumani: Alichosoma ni kwamba watu wazima 5 wamekataa aachwe. Tuendelee na kazi. Hamisi, pengo ni dola 4,462, au sivyo? Kwa shilingi ni zaidi ya laki 4. Mimi nakopa kwenye chama chetu, naziweka kwenye akaunti ya Rehema, wakishaona narudisha.

Hamisi: Mjomba, nashukuru, ila hiyo haifai. Pesa ya kukopa hawaihesabu. Barua ya benki inaonyesha akaunti ilifunguliwa lini, salio la leo, wastani wa miezi 6 na madeni yote. Pesa nyingi ikiingia ghafla wanauliza imetoka wapi.

Mjomba Athumani: Na kile kiwanja cha Rehema cha Mtwapa?

Hamisi: Kiwanja si pesa mpaka kiuzwe. Kinachokubalika ni zawadi: anayetoa anaandika barua na kusaini kwamba ametoa, hadai, na benki ioneshe zilikotoka. Mimi natoa dola 2,500. Nitatuma kesho kwa benki, si kwa mkono wa mtu, ili alama ibaki.

Mjomba Athumani: Basi laki 2 ni zangu, na si za chama, ni za mauzo ya nazi. Sidai. Barua niandikie, nitasaini.

Shangazi Saumu: Elfu 50 mimi. Na baba yake Zuhura yuko Lamu, mwachieni mimi nizungumze naye. Hana ubaya.

Hamisi: Hilo umelisema vyema Shangazi, maana saini yake itahitajika. Kuna fomu ya mzazi asiyesafiri, IMM 5604, anakubali mtoto ahame. Bila hiyo Zuhura hapandi ndege hata kama mengine yote yametimia.

Salim: Shemeji, kiwango hiki cha pesa hakibadiliki?

Hamisi: Hubadilishwa kila mwaka. Ndiyo maana nimefurahi Shangazi ameongeza, tusisimame pale pale ukingoni. Pesa zikae zitulie. Rehema naye ana kazi nyingine ya kufanya katika muda huo. IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, alipata kusikiliza 8.0, kusoma 7.5, kuzungumza 7.5, kuandika 6.5. Ile kuandika ikifika 7.0 tu, anaongeza zaidi ya pointi 40.

Mwanajuma: Nusu alama ilete pointi 40?

Hamisi: Ndiyo. Ngazi ya 9 ya lugha kwa kipimo cha Kanada, si alama 9 ya IELTS, ikitimia katika stadi zote 4, digrii yake inaongezewa thamani na miaka yake ya uuguzi inaongezewa thamani. Ikikosekana moja, vyote viwili vinashuka. Machi anatimiza 34, hapo anapoteza pointi 5 za umri. Bora apoteze 5 apate 40 kuliko kukimbilia kesho saa 3.

Mwanajuma: Mimi nina ile IELTS niliyofanyia maombi ya chuo. Itanifaa?

Hamisi: Hiyo ni Academic, hawaipokei kwa mpango huu. Inayotakiwa ni General Training. Na matokeo yanaishi miaka 2.

Hamisi: Salim, kwenye ile fomu wakala aliniandika mimi popote? Kaka wa mwombaji anayeishi Kanada, akiwa raia au mkazi wa kudumu, ni pointi 15.

Salim: Sijaona jina lako shemeji.

Hamisi: Basi pointi 15 ziliachwa chini. Ushahidi ni vyeti vyetu vya kuzaliwa, vionyeshe mama ni mmoja.

Saa 3 kasorobo

Rehema: Nimerudi. Nimezungumza nao wote wawili. Zuhura alilia, na mimi nimelia. Ameniuliza kama alikuwa amesahauliwa au ameachwa. Nimemwambia kweli yote, kwamba aliachwa kwenye karatasi na mtu asiyemjua, na kwamba nilipoona nilikuja kwenu.

Rehema: Nimesoma michango. Sina maneno. Wakala nimemwandikia asitume chochote. Tarehe ya IELTS nitaweka kesho nikitoka zamu.

Mjomba Athumani: Na kazi yenyewe ya uuguzi huko, ukifika unaanza?

Hamisi: Hapana Mjomba. Makazi ni jambo moja, leseni ni jingine. Anapeleka vyeti vikaguliwe, na mamlaka ya wauguzi ya mkoa wenyewe ndiyo inaamua. Anaweza kuanza hilo akiwa bado Mombasa, na ningependa aanze mapema.

Rehema: Nitaanza. Mama, vyeti vya kuzaliwa viko wapi? Changu na cha Kaka Hamisi.

Mama: huyu ni zuhura. nyanya amefungua kasha. vyeti vipo. cha mjomba hamisi jina la nyanya limeandikwa MWANAHIDI na cha mama limeandikwa MWANAIDI

Hamisi: Ahsante sana mama, umeona jambo ambalo sisi sote hatukujua.

Mjomba Athumani: Jumatatu nampeleka dada kwa wakili akaape hati ya kiapo kwamba ni mtu mmoja. Nitafika Malindi asubuhi, na miwani tutapitia hapo hapo.

Mama: na changu pia kipo, kilikuwa kwenye faili la shule. nipige picha pande zote mbili?

Rehema: Zote mbili, mwanangu. Anza na chako.