Kusoma kibao cha kumbukumbu kilichofifia, Ujiji na Tabora

mtaa_kwa_mtaa: Wakuu, naomba mwongozo. Klabu ya historia ya sekondari hapa Kigoma inaorodhesha minara na vibao vya kumbukumbu, kuanzia Ujiji. Maandishi mengine yamefifia, ukipiga picha kwa simu huoni kitu. Yanasomwaje bila kuharibu jiwe? Na tarehe iliyochongwa tuichukue kama ilivyo?

fundi_mawe: Nendeni saa 1 asubuhi au saa 11 jioni. Jua likiwa utosini, herufi hazina kivuli, ndiyo maana picha zinatoka tupu. Mwanga ukikataa, mmoja ashike tochi pembeni kabisa, karibu iguse jiwe, mwingine apige picha akiwa mbele. Izungusheni tochi pande zote nne, kila upande picha yake. Herufi iliyojificha upande wa kushoto huibuka ukimulika kulia.

Chaki na unga msithubutu, vinaingia kwenye vinyweleo vya jiwe havitoki. Siki na ndimu zinakula saruji. Brashi ya waya ndiyo mbaya kuliko vyote. Hata maji na brashi laini, ombeni kwanza ruhusa kwa mhifadhi, maana kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

Rula iwemo kwenye picha. Nakilini herufi kwa herufi, mkiweka alama ya mkwaju (/) pale mstari unapoishia na mabano ya mraba [ ] kwa herufi mnayoikisia. Wanafunzi hupenda kusahihisha tahajia ya kibao. Wakatazeni!

mwalimu_wa_zamu: Tarehe msiimeze. Mnara wa Ujiji unasema mwandishi wa habari Stanley alikutana na mpelelezi Livingstone tarehe 10 Novemba 1871. Ndivyo alivyochapisha Stanley, lakini shajara ya Livingstone inaweka mkutano mwishoni mwa Oktoba. Safari ndefu na homa, hesabu ya siku ilipotea. Andikeni zote mbili, na kila moja imetoka kwa nani.

Tena someni neno kwa neno. Maandishi ya Kiingereza ya mnara huo yanataja mwembe waliokutania chini yake, "uliosimama hapa wakati ule". Hilo "wakati ule" linawaambia kwamba jiwe lilisimamishwa mwembe ukiwa haupo tena. Miembe ya leo ni ya kizazi cha baadaye. Kwa hiyo kila fomu iwe na nafasi tatu: tarehe ya tukio, ya kibao, ya ukarabati.

kwihara_road: Tabora fomu hiyo itawafaa zaidi. Tembe (nyumba ya udongo) la Kwihara, karibu na Tabora, mnaloliona limejengwa upya, si kuta zilezile. Livingstone na Stanley walifika Februari 1872, Stanley akaondoka 14 Machi, Livingstone akabaki hadi 25 Agosti. Mwaka uliofuata watumishi wa Livingstone, Chuma, Susi na wenzao, walipita papo hapo wakiibeba maiti yake kuelekea Bagamoyo. Mimi ningeongeza nafasi ya nne: nani hakutajwa. Wapagazi ndio waliobeba kila kitu, na vibao vingi viko kimya juu yao.

Kwa wazee msiulize "mwembe ulikuwa hapa?" Mzee ataitikia tu kwa heshima. Ulizeni "hapa paliitwaje zamani?" kisha mnyamaze.

mtaa_kwa_mtaa: Asanteni wakuu. Mzee akitaja jina lisilo kwenye ramani?

kwihara_road: Liandikeni kama alivyolitamka, pamoja na mtaa na tarehe ya mazungumzo. Halafu ulizeni wazee wengine wawili, kila mmoja peke yake. Wakikaa pamoja, mkubwa akishasema wengine hawampingi.