Ushauri: Nampeleka mama Guangzhou. Tutembee wapi na tule nini tukisubiri mzigo?

Mama Vinguo

Habari zenu wakuu. Wakubwa zangu shikamooni.

Nauza nguo za watoto Kariakoo, jumla na rejareja. Guangzhou nimeshaenda mara tano. Niulize bei ya magauni ya mtoto wa miaka mitatu pale soko la Zhongshan Ba, nitakutajia. Niulize mji wenyewe ukoje, sina jibu. Safari zangu zote zilikuwa hotelini, sokoni, ghalani kwa ajenti, uwanja wa ndege, basi.

Safari hii naenda na mama yangu. Ana miaka 64, magoti yanamsumbua lakini anatembea. Mtaji wangu wa kwanza ulitoka kwake: alivunja hisa zake zote za VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa, akanikabidhi, wala hakuniandikisha popote. Kila nikirudi ananiuliza, "Huko China kukoje?" Nami namwonyesha picha za marobota. Mwaka huu nimeamua akajionee mwenyewe.

Tunafika wiki ya mwisho ya Oktoba. Siku tatu za kwanza nanunua. Baada ya hapo kuna siku nne za kusubiri viwanda vilete mzigo ghalani upimwe CBM, yaani ujazo wake. Hizo nne ni za mama.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni chakula. Sisi ni Waislamu. Safari yangu ya pili niliingia mgahawa mmoja nikaonyesha picha ya wali na nyama, nikauliza kwa programu ya kutafsiri kama ni ng'ombe, mhudumu akaitikia. Nikala. Baadaye Mtanzania mwenzangu akaisoma risiti akaniambia ni nguruwe. Nililia siku ile. Tangu hapo nikiwa China naishi kwa mayai ya kuchemsha, ndizi, na ugali wa Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi. Sasa mama yangu amepikia shughuli za watu Tanga zaidi ya miaka thelathini. Sitaki asafiri mbali kote huko akale ugali na mayai. Nataka aonje chakula cha Wachina wenyewe, kilicho halali.

Halafu nafikiria siku moja tuvuke Hong Kong asubuhi turudi jioni. Viza zetu ni za kuingia mara moja. Naombeni mawazo yenu.

Mzee wa Kontena

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye Hong Kong naomba usimame kwanza. Hong Kong ni ndani ya China, lakini mpaka wake wa uhamiaji ni tofauti. Ukivuka, pasipoti inagongwa umetoka, na ile viza ya kuingia mara moja imekwisha kazi yake. Jioni mtazuiwa kurudi, mzigo uko ghalani na nguo zenu ziko hotelini. Nimeshuhudia kijana amekwama hivyo, akaishia kumtumia rafiki yake fedha amfungie mzigo kwa niaba yake. Hong Kong iacheni mpaka siku mtakapopata viza ya kuingia mara mbili.

Jingine: mkishukia hotelini, hoteli inawaandikisha polisi yenyewe. Mkikaa kwa mtu, lazima mkajiandikishe kituoni ndani ya saa 24. Na mama atembee na pasipoti yake, isibaki chumbani.

Mwanachuo wa Guangdong

Dada pole sana kwa yaliyokupata. Wengi yametukuta, na sababu yake iko kwenye lugha. Kichina, neno la nyama ni *rou*. Likitajwa peke yake bila jina la mnyama, kwa kawaida huwa nguruwe. Ng'ombe lazima waseme *niurou*, kondoo au mbuzi *yangrou*, kuku *jirou*. Ukiuliza "hii ni nyama?" watakuitikia kwa moyo mweupe kabisa.

Kwa hiyo usiulize nyama, tafuta mgahawa. Angalia maandishi haya mawili juu ya mlango: 清真. Yanasomwa *qingzhen*, ndiyo halali. Yapige picha uyaweke kwenye simu. Mara nyingi kibao huwa cha kijani, wanaume ndani wamevaa kofia nyeupe na akina mama wamejitanda. Migahawa ya tambi za Lanzhou iko mitaa mingi tu, na wenyewe wengi ni Waislamu wa kabila la Hui waliotoka mkoa wa Qinghai. Mwache mama asimame pale mbele atazame tambi zinavyovutwa kwa mikono: bonge moja la unga linakunjwa, linavutwa, linakunjwa tena, mpaka zinatoka nyuzi nyembamba kama za kufumia. Mpishi wa shughuli ataifurahia hiyo kuliko mnara wowote.

Kaka Bandarini

Mbona mnaikuza? Agizeni samaki na mboga, mambo yaishe.

Mwanachuo wa Guangdong

Kaka Bandarini, kwa Wakanton, yaani wenyeji wa Guangzhou, hilo halitoshi. Mboga inaweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na samaki mara nyingi hutiwa mvinyo wa mchele kukata shombo. Kwa anayejali, mlango wenye 清真 ndio salama.

Jembe na Mpini

Mimi nitasema ukweli hata kama hautapendeza. Biashara ya nguo sasa hivi ni ngumu. Tiketi ya pili, viza ya pili, chakula, matembezi, hiyo fedha ni robota kadhaa za mzigo. Mama mnunulie zawadi nzuri, umletee. China ni ya kazi.

Mama Vinguo

Jembe na Mpini nashukuru, najua unanitakia mema. Ila hizo robota unazozisema yeye ndiye aliyenunua za kwanza. Magoti yake hayaniahidi kwamba mwaka kesho ataweza. Tiketi nimeshakata.

Bibie wa Old Town

Mwanangu, umenena. Mimi niko Mombasa, nilikwenda huko na marehemu mume wangu akichukua bidhaa za jikoni. Mpeleke mama akale maziwa ya tangawizi. Wenyewe waita *jiangzhuang nai*, asili yake kijiji cha Shawan, kusini mwa mji. Wakamua maji ya tangawizi kwenye bakuli, kisha maziwa ya nyati yaliyopashwa moto humiminwa juu yake mara moja, wala hayakorogwi. Ukingoja dakika chache yameganda yenyewe, laini, yawasha kooni kidogo. Hamna gelatini. Mimi nilipofika nyumbani nilijaribu kwa maziwa ya ng'ombe, mara mbili yakakataa, ya tatu yakashika. Siri ni tangawizi iwe iliyokomaa na maziwa yasichemke.

Na kisiwa cha Shamian usikiache. Waingereza na Wafaransa walikichukua katikati ya karne ya 19 baada ya vita vya kasumba (afyuni), wakajenga majumba yao. Ni tambarare, miti mikubwa, vibao vya kukalia kila mahali. Kwa mwenye magoti ndiko kwenyewe.

Mzee wa Kontena

Niongeze. Mwanangu, umesema unanunua Zhongshan Ba. Basi mara zote tano ulikuwa ukifanya kazi karibu kabisa na nyumba ya ukoo wa Chen na hukuingia! Kutoka pale sokoni ni mwendo wa miguu, na kama mama amechoka kuna kituo cha treni ya chini chenye jina la nyumba hiyo. Nyumba yenyewe ilikamilika 1894. Watu wa ukoo wa Chen kutoka wilaya nyingi za Guangdong walichanga, wakajenga ili vijana wao wakija mjini kwa mitihani ya serikali wawe na pa kufikia. Tazameni juu ya paa: watu, farasi, ndege, hadithi nzima za kale zimefinyangwa kwa udongo wa Foshan, mji jirani, na kupakwa rangi. Tengeni asubuhi nzima.

Mnara wa Canton una mita 600, lakini sikushauri ulipie kupanda. Nendeni ng'ambo ya mto usiku muutazame ukibadilisha rangi, bure.

Abu Twalha Magomeni

Assalaam alaykum. Ijumaa msiikose Masjid ya Xianxian, upande wa hifadhi ya Yuexiu. Ndani ya uwanja wake kuna kaburi ambalo Waislamu wa Guangzhou wanaamini ni la swahaba Saad bin Abi Waqqas. Vitabu vya sira vinasema alifia karibu na Madina, kwa hiyo hilo tumwachie Allah, lakini mahali penyewe pana utulivu na pametunzwa. Siku hiyo utasikia Kihausa, Kiarabu, Kifaransa, na Kiswahili hukikosi. Nje wanauza mikate, mishikaki, na vitamu.

Ule msikiti wa kale zaidi ni Huaisheng, mtaa wa Guangta. Mnara wake una mita 36 hivi, mweupe, mviringo, hauna mapambo. Zamani ulikuwa unawaongoza mabaharia, maana mto ulikuwa jirani.

Dada Malipo

Kuhusu kulipa: pakueni Alipay mkiwa bado Dar, muunganishe kadi ya benki na kuthibitisha pasipoti. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayakatwi ada ya kadi ya kigeni, yakizidi wanakata asilimia 3. Hata hivyo mama awe na noti mkononi. WhatsApp kwa laini ya China haifunguki, kwa hiyo msizime laini zenu za nyumbani, washeni rominga kidogo kwa ajili ya familia.

Mama Vinguo (mrejesho)

Wakuu, tumerudi salama wiki iliyopita. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa naandaa karatasi za forodha. Nawaletea mrejesho kama nilivyoahidi baadhi yenu inbox.

Hong Kong hatukwenda. Mzee wa Kontena, Mungu akulipe.

Nyumba ya Chen tulikwenda siku ya kwanza. Mama alikaa sana uani akitazama paa, akaniuliza hawa waliochanga walikuwa wanakutana kila baada ya muda gani, na nani alikuwa anatunza fedha. Sikuwa na jibu, lakini nilijua anawaza VICOBA yake.

Ijumaa tuliswali Xianxian. Abu Twalha, kulikuwa kama ulivyosema. Mama alikutana na bibi wa Kichina, mtu mzima kama yeye, wakasalimiana "Assalaam alaykum". Baada ya hapo hawana lugha nyingine ya pamoja, wakabaki wameshikana mikono wanacheka.

Sasa chakula. Tulianza na tambi za Lanzhou, mama akapenda supu, tambi akasema ni nyingi mno kwa mtu mmoja. Kilichomkamata ni kwa Wauighuri, wale Waislamu wa kaskazini-magharibi mwa China. Tuliingia mgahawa wao mmoja karibu na Xiaobei, tukaagiza kile wanachokiita *polo*. Kikaletwa pilau! Mama alinyamaza. Alionja, akaweka kijiko chini, akaonja tena. Akaniambia, "Hapa hakuna karafuu, hakuna mdalasini, hakuna iliki. Binzari nyembamba tu." Wali una karoti zilizokatwa vipande virefu, nyama ya kondoo yenye mafuta yake, kitunguu, zabibu kavu chache. Akaomba kwa ishara aone jikoni, na mwenye mgahawa akamruhusu. Alikaa kule kama nusu saa. Aliporudi alinieleza kwamba karoti zinakaangwa na nyama mpaka zinalainika na kuachia utamu wake, mchele unatandazwa juu na haukorogwi mpaka ukomae. Tulirudi pale siku tatu mfululizo. Siku ya mwisho mwenye mgahawa alikataa kupokea fedha ya chai.

Bibie wa Old Town, maziwa ya tangawizi tuliyapata mitaa ya Liwan. Mama alikula bakuli mbili. Hapa nyumbani amejaribu mara moja, yakagoma. Naomba umweleze vizuri, tangawizi ya bakuli moja inakuwa kiasi gani?

Siku ya tatu tulipanga Shamian asubuhi na boti ya mtoni jioni. Shamian tulifika. Boti hatukupanda, maana ajenti alipiga simu: kiwanda kimoja kimeleta saizi pungufu, natakiwa ghalani. Nilimwambia mama nimpeleke hotelini akapumzike. Akakataa, akasema twende wote. Alikaa juu ya robota, akavaa miwani, akahesabu nami saizi moja moja mpaka saa mbili usiku. Yeye ndiye aliyeona kwamba fulana za miaka miwili zimepungua dazani sita, wakati mimi nilikuwa nimeshazipitisha. Kiwanda kilileta zilizobaki kesho yake.

Siku ya nne nilimuuliza anataka kwenda wapi, Foshan au mnara. Akasema nimpeleke Zhongshan Ba, aone hayo magauni nanunulia kwa nani. Tukazunguka kibanda kwa kibanda. Yule dada ninayenunua kwake tangu safari ya kwanza alimtolea kiti na kummiminia chai, akamtafutia na kitambaa cha kuweka magotini.

Jembe na Mpini, mzigo unaingia bandarini mwezi ujao. Ukipita Kariakoo karibu dukani, mama yupo Jumamosi.