MJADALA: Bwawa la Mtera lifungwe miezi ya kuzaliana samaki? Na wa kuamua nani, serikali au wavuvi wenyewe?

Mama Perege Sabasaba:
Jamani wana Dodoma, hasa mlioko Mtera, Chipogoro na ng'ambo ya Migoli upande wa Iringa. Nauza samaki mwaka wa kumi na moja sasa. Juzi napara perege mdogo kama kiganja changu, nikampanua mdomo vikatoka vitoto, vyeusi macho tu, vingine bado vina kiini cha njano tumboni. Niliacha kisu nikakaa chini. Perege jike wa kwetu anabeba mayai mdomoni mpaka yanaangua, na kipindi hicho hata kula hali, sasa sisi tunamvua yeye na wanawe kwa mpigo mmoja. Zamani ndoo ya lita 20 ilijaa kwa samaki arobaini hivi, siku hizi napanga mia na nafasi inabaki. Ziwa Tanganyika mwaka 2024 lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti na nchi zote nne zikakubaliana, kwa nini Mtera isipumzishwe? Ila wavuvi waulizwe KWANZA, wasije kusikia tu kipaza sauti asubuhi. Mnasemaje?

Kapteni wa Migoli:
Mama yangu umeongea vizuri ila hapo kwenye "tunamvua" umenichoma. Mimi nina mtumbwi mmoja na nyavu sita, leseni nalipa, vidole vyangu viwili vinapita kwenye jicho la wavu bila shida. Anayemaliza samaki ni kokoro, ule wavu mrefu wa kuburuta hadi ufukweni. Dume la perege linachimba kiota kwenye maji ya kiunoni pale pale ukingoni, kokoro likiburutwa mara moja limefagia kiota, jike, mayai na majani. Ukifunga bwawa unanifungia mimi ndani maana mimi ndo naonekana mchana, wa kokoro anaingia saa saba usiku na saa kumi samaki wako barabarani.

Sheria Msumeno:
Mnazunguka bure. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 ipo, Kanuni za 2009 zipo, kokoro ni marufuku, nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki, ni marufuku, na BMU, vile vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, zimeundwa ili wavuvi wenyewe walinde mwalo wao. Mmeshirikishwa vipi tena? Kila mtu anamjua mwenye kokoro na hakuna anayemtaja sababu ni shemeji yake. Halafu huku upande wa Dodoma ndo kabisa, Wagogo wanajua ng'ombe na mtama, uvuvi wamefundishwa na wageni juzi tu, ukimwita kikaoni kujadili macho ya nyavu atakwambia nini?

Mjukuu wa Chipogoro:
Wewe Msumeno rudi hapa. Babu yangu amevua kambale mto Kisigo kwa migono, mitego ya kusuka, kabla hilo bwawa halijajengwa, na bwawa lenyewe ni la mwishoni mwa miaka ya 1970, sasa huyo mgeni alimfundishia wapi? Mvua zikianza wazee walikuwa wanajua kabisa kambale wanapanda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji na walikuwa na siku za kuacha mto. Hakukuwa na karatasi ya mtu. Eti ng'ombe na mtama! Mwenye ng'ombe haruhusiwi kujua samaki?

Kapteni wa Migoli:
Mtani wangu wa Chipogoro punguza moto, umeulizwa samaki hujaulizwa ukoo 😀 Ila nakuunga mkono, hilo la wazee kuacha mto hata sisi Wahehe tumelisikia kwa babu zetu.

Baba Neema Mwaloni:
Mimi limenikaa hilo neno WAGENI. Nimetoka kanda ya ziwa mwaka 1998 nikiwa kijana wa kubeba injini, nimeoa hapa, watoto wanne wote wamezaliwa hapa hapa mwaloni, nimezika mmoja hapa. Uchaguzi wa kijiji napiga kura, mchango wa darasa natoa, ila BMU ikikaa nikinyoosha mkono naambiwa wewe subiri wenyeji wamalize. Na nyavu nimeshawahi kuchomewa, zilikuwa halali kabisa, zimewekwa kwenye rundo moja na makokoro na hakuna aliyepima hata jicho moja, nimesimama naangalia moshi wa mkopo wangu. Halafu unaniuliza kwa nini simtaji mtu? Nimtaje kwa nani?

Sheria Msumeno:
Pole kaka Baba Neema, hilo la nyavu sikulijua na halikuwa sawa. Kuhusu Wagogo sikumaanisha kutukana.

Mjukuu wa Chipogoro:
Umetukana.

Fundi Maji:
Mnagombana kabila na mmesahau bwawa lilijengwa kwa ajili ya umeme. Mtera inatunzia maji bwawa la umeme la Kidatu huko chini, megawati 204 za kule zinategemea haya maji, na zetu 80 za hapa Mtera. Likijaa kabisa ni mita 698.5 juu ya bahari, kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni 690. Sasa fikirini, ufukwe wa Mtera ni mteremko wa polepole sana, maji yakishuka mita moja tu yanakimbia mbali, viota vyote anavyosema Kapteni vinabaki tope limepasuka. Na huko juu mto Ruaha Mkuu unaoleta maji bwawani unakauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha tangu 1993. Mvuvi aache kokoro, afunge miezi, akalale njaa, halafu maji yashuke wiki ile ile perege wanayotaga? Kwenye kikao cha kufunga bwawa aitwe na anayefungua maji.

Mama Perege Sabasaba:
Hilo sikuwahi kulifikiria mdogo wangu, asante.

Mtu wa Pwani Area D:
Kwetu Songosongo na Mafia wanafunga miamba ya pweza kama miezi mitatu, kijiji chenyewe kinakaa kinachagua mwamba, siku ya kufungua watu wanabeba pweza wakubwa mpaka raha. Na chini ya nusu kilo hata sheria inakataza. Igeni tu.

Kapteni wa Migoli:
Pweza kaka anakua haraka, ukimwacha miezi mitatu ni mwingine kabisa. Perege anataka muda zaidi. Na kwenu wanafunga mwamba, hawafungi bahari. Hapo ndo nilipo mimi! Wafunge pale Kisigo inapoingilia na zile ghuba za maji mafupi, kina kirefu tuachiwe.

Dada wa Kikaango:
Shikamooni. Nakaanga samaki hapo barabarani Mtera, mabasi ya Iringa yakisimama tunakimbilia madirishani. Mmeongea wavuvi, mmeongea umeme, mmeongea babu zenu, hakuna aliyesema sisi. Tuko wengi, mafuta tunakopa asubuhi tunalipa jioni, samaki wasipokuja siku tatu mwenye mafuta anakuja na mgambo. BMU inatakiwa iwe na wachuuzi, vibarua na wanawake kwenye kamati, hapa kwetu jina langu liliandikwa na siku ya kikao nikatumwa chai.

Mama Perege Sabasaba:
Ukatumwa chai!!

Dada wa Kikaango:
Chai na maandazi. Narudi wameshasaini. Mimi ndo najua nani analeta samaki wadogo maana saa kumi na moja alfajiri namwagiwa mimi kwenye beseni. Nikikataa ananunua mwenzangu. Mkiniuliza nitawaambia ni ghuba ipi wanatoka, hata majina sihitaji kutaja.

Sheria Msumeno:
Dada hapo umeongea kuliko sisi wote. Sasa ghuba zikifungwa usiku analinda nani? Doria inakuja na kuondoka.

Baba Neema Mwaloni:
Mimi nalala mwaloni, tochi ninayo na mtumbwi ninao. Mafuta ya injini anatoa nani, na nikimkamata mtu usiku napeleka kwa nani ambaye asubuhi hatamwachia?

Mjukuu wa Chipogoro:
Upande wetu nipo na wewe mzee wangu. Msumeno asije.