Kelele za upepo ndani ya helmeti kwenye barabara kuu: nianzie wapi?

Kasi Themanini:
Wakuu habarini. Natumia Boxer BM150, safari zangu nyingi ni Dar kwenda Morogoro, mara nyingine naunganisha hadi Dodoma. Nikivuka 70 km/h upepo unanguruma ndani ya helmeti mpaka injini siisikii, na juu ya mngurumo huo kuna mluzi mwembamba unaokuja na kupotea nikigeuza kichwa. Nikifika, masikio yanavuma hadi usiku. Helmeti ni ya kufunika uso wote, saizi XL. Mbele nimefunga kioo cha upepo, vile vya kubana kwenye usukani, na ukingo wake wa juu uko usawa wa kifua nikiwa nimekaa. Kabla sijaingia dukani kununua helmeti nyingine, naomba mwenye ujuzi aniambie tatizo liko wapi: helmeti au kioo?

Spana Kumi:
Mkuu, umefanya vizuri kuzitenganisha, maana hizo ni kelele mbili na kila moja ina chanzo chake. Mngurumo unatoka kwa upepo uliokwisha kuvurugwa na kitu kingine kabla haujafika kichwani, halafu unaingia kwa chini, kidevuni na shingoni. Mluzi ni upepo unaopenya kwenye upenyo mwembamba wa helmeti yenyewe. Ukitibu kimoja, kingine hakisikii dawa.

Anza na mngurumo, na usinunue chochote kwanza. Tafuta kipande kilichonyooka kisicho na magari, shika mwendo wa 70, mikono yote miwili kwenye usukani. Jiinue kidogo kutoka kwenye siti, kichwa kiinuke sentimita kumi hivi. Kisha kaa, uiname ushuke nyuma ya kioo. Kama kelele zinapungua ukijiinua, na zinapungua pia ukiinama, basi mkosaji ni ukingo wa kioo: upepo unaoruka pale juu unakupiga kwenye shingo na kidevu. Ukijiinua unaingia kwenye upepo safi, ukiinama unajificha. Katikati, pale unapokaa siku zote, ndipo pabaya kuliko kote.

Kwa vipimo ulivyotoa nadhani ndicho kinachokupata. Ukingo ukiwa usawa wa kifua kwa pikipiki inayokukalisha wima kama Boxer, ule mkondo unapanda na kutua moja kwa moja chini ya helmeti. Kipimo cha kumalizia ubishi: kitoe kabisa kioo cha upepo, nenda umbali ule ule bila kioo hicho. Kifua kitapigwa na upepo, lakini watu wengi hushangaa kukuta helmeti imetulia. Upepo safi una kelele kidogo kuliko upepo uliovurugwa, hata kama una nguvu zaidi.

Mtaa wa Pili:
Naunga mkono hapo juu, ila tusiiache helmeti. XL ulipimwa, au ndiyo iliyokuwepo dukani? Chukua utepe wa fundi cherehani, zungusha kichwa sentimita mbili na nusu hivi juu ya nyusi, upite sehemu iliyotokeza zaidi kisogoni. Kwa helmeti nyingi sentimita 57 hadi 58 ni M, 59 hadi 60 ni L, 61 hadi 62 ni XL, lakini soma kibandiko cha helmeti yako kwa sababu viwanda vinatofautiana. Helmeti inayokutosha inasukuma mashavu mpaka ukitafuna unajing'ata kidogo kwa ndani. Ishike kidevuni uizungushe kushoto na kulia: ngozi ya uso inapaswa kufuatana nayo. Ikizunguka peke yake, upepo una nafasi ya kuingia, na siku ya ajali haitakulinda inavyopaswa. Hiyo sababu ya pili ndiyo inayonifanya niseme ibadilishe bila kusubiri.

Kama saizi ni sahihi ila sponji za mashavu zimelala, zichomoe (nyingi zina vifungo vya kubonyeza) na uulizie mpya za modeli hiyo. Zikikosekana, kipande cha sponji cha milimita 5 nyuma ya kitambaa cha shavu kinasaidia. Cha shavu tu. Utosini usiongeze kitu, na lile povu gumu jeupe usilikwangue wala kulikata, maana ndilo linalopokea pigo.

Mluzi sasa. Chukua solotepu. Ziba matundu ya hewa ya juu, jaribu. Bandua, ziba la kidevuni, jaribu. Bandua, weka tepu kwenye mstari ambapo kioo cha helmeti kinakutana na mpira wake, upande mmoja kwa wakati. Mluzi ukikatika umeshaujua mlango. Mara nyingi ni huo mpira: fungia kipande cha karatasi kati ya kioo na mpira, kisha kivute. Kikitoka bila kukwama, kioo hakilali vizuri pale. Legeza skrubu za kile kipande cha plastiki kinachoshika kioo ubavuni, kisukume nyuma kidogo, kaza, rudia na karatasi mzunguko mzima. Mpira uoshe kwa maji na sabuni ya kawaida, ukikauka upake mafuta ya silikoni kiasi cha kung'aa tu. Petroli na tina ya rangi viwe mbali kabisa na helmeti, vinadhoofisha plastiki ya ganda bila hata kuonyesha ufa.

Angalia pia ncha ya mkanda wa kidevuni. Ikiachwa ikining'inia inapigapiga ganda na ndani inasikika kama ngoma.

Kasi Themanini:
Asanteni sana wakuu. Bila kioo mngurumo umepungua waziwazi, kwa hiyo Spana Kumi umelenga. Kichwa ni sentimita 59, maana yake nahitaji L. Maswali mawili: kioo nakihitaji kwa mvua na wadudu, je, kuna namna ya kukirekebisha? Na vizibo vya masikio je, si nitashindwa kusikia honi za malori?

Dokta wa Barabara:
Nijibu la masikio, kwa sababu hilo la kuvuma hadi usiku si la kuzoea. Ni dalili kwamba sikio limeumizwa, na likiumizwa mara nyingi usikivu haurudi. Ndani ya helmeti, kwa mwendo wa 100 km/h, kelele za upepo hufika kama desibeli 95 hadi 100. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa afya kazini, inaweka ukomo wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unagawanywa kwa mbili. Kwa hesabu hiyo desibeli 94 ni saa moja tu, na 100 ni dakika 15. Dar hadi Morogoro ni karibu kilomita 190, hesabu jipigie mwenyewe.

Helmeti nzuri na kioo kilichokaa sawa vinapunguza, lakini kinachokinga sikio hasa ni kizibo. Nunua vile vya sponji vyenye alama ya SNR (desibeli ambazo kizibo kinapunguza) 30 na kuendelea, maduka ya vifaa vya usalama kazini wanavyo. Namna ya kuvaa ndiyo inayokosewa: osha mikono, kisokote kizibo kiwe chembamba bila mikunjo, mkono wa pili upite juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma ili njia inyooke, kisukume ndani, kishikilie sekunde 20 hadi 30 mpaka kijae. Kikibaki nusu nje hakikusaidii, na helmeti itakichomoa. Vaa vizibo kwanza, helmeti baadaye. Pamba haizibi kitu cha maana, na nyuzi zake hubaki sikioni. Spika za muziki zinaongeza kelele juu ya kelele.

Honi utaisikia. Kizibo kinashusha upepo na honi kwa pamoja, na kwa mwendo wa barabara kuu kilichokuwa kinaifunika honi ni huo upepo. Wengi huisikia vizuri zaidi. Siku za kwanza vijaribu kwenye barabara tulivu, na mjini kwa mwendo wa 40 unaweza kuvitoa.

Spana Kumi:
Kwenye kioo una njia mbili. Ya kwanza ni kukiinua au kuweka kirefu zaidi mpaka ukingo ufike usawa wa mdomo hadi pua, uwe unatazama juu yake, si kupitia ndani yake. Usiku na mvua ukitazama kupitia plastiki iliyochubuka, taa za mbele zinakupofusha. Ya pili ni kukiacha kilivyo na kuruhusu upepo upite chini yake. Nyuma ya kioo kilichobana sana mbele ya taa panakuwa na hewa nyepesi inayovuta mkondo wa juu ukushukie kichwani. Weka spesa (vipande vya kuacha nafasi) za milimita 10 hadi 15 kwenye kila bolti, na bolti ziwe ndefu kwa kiasi hicho hicho. Zikiwa M6 unatumia spana namba 10. Weka washa za mpira pande zote mbili na usikaze kwa nguvu, plastiki hupasukia kwenye tundu. Ukimaliza geuza usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho, uone waya wa klachi na wa akseleta hazivutwi.

Kioo kirefu kilichobanwa kwenye usukani kinashika upepo wa ubavuni. Ukipita Dodoma kuelekea Singida utauona usukani unatikisika, kwa hiyo mimi ningeanza na spesa.

Mtaa wa Pili:
Niongeze la shingo. Skafu ya mrija, au kikoi kilichokunjwa na ncha zake zote kuingizwa ndani ya koti, inaziba ule uwazi chini ya kidevu na inakata sehemu kubwa ya mngurumo uliobaki. Ncha zisibaki nje hata kidogo, zinaweza kuvutwa na mnyororo. Alfajiri yenye baridi kioo cha helmeti kitashika ukungu kwa kuwa pumzi haina pa kutokea, hapo fungua tundu la kidevuni. Na ukishusha mwendo kutoka 100 hadi 80 unapunguza kama desibeli 4 hadi 6, bila kununua chochote.